Udongo wa uani na metali nzito: maswali ya wasomaji wa Mombasa

Katika toleo lililopita tuliwaomba wasomaji wa Mombasa watuandikie kuhusu udongo wa mahali wanapoishi, kwa kuwa mji wa bandari, gereji na vyuma chakavu huacha mengi ardhini. Barua zilikuja nyingi, na karibu zote ziligusa risasi, kadimi na jamaa zao, zile ziitwazo metali nzito. Tumezijibu tano. Barua ya kwanza imepewa nafasi kubwa kuliko nyingine kwa sababu inamhusu mtoto mdogo, na kwa jambo hili mtoto mdogo ndiye aliye hatarini kuliko sote.

Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wawili, ninakaa Mikindani. Nyuma ya nyumba yetu kuna fundi anayenunua betri kuukuu za magari, huzipasua na kumwaga maji yake chini. Mwanangu wa miaka miwili hushinda akicheza uani, na mara kwa mara namkuta na mchanga mdomoni. Majirani wananiambia kila mtoto hula mchanga, nimpe tu dawa ya minyoo. Je, ni kweli?

Marahaba, mama. Dawa ya minyoo mpe, kwa sababu minyoo nayo humpunguzia mtoto damu, lakini haitamsaidia kwa jambo linalonitia wasiwasi katika barua yako. Betri ya gari dogo yenye uzito wa kilo 15 hubeba karibu kilo 9 za risasi, ile metali ya kijivu, laini na nzito, ambayo waashi huifanyia timazi na wavuvi huifanyia chubwi. Sehemu ya risasi hiyo ni vipande vigumu ambavyo fundi huvikusanya akaviuza. Sehemu nyingine ni rojo la kahawia na kijivu lililopakwa kwenye sahani za ndani, na rojo hilo ndilo linalomwagika pamoja na maji ya betri, likakauka, likawa unga laini usiotofautika na vumbi la kawaida. Nimewahi kusimama kwenye kiwanja cha namna hiyo asubuhi baada ya mvua. Palipokuwa na dimbwi palibaki utando mwembamba wa kijivu, umepasuka vipande vipande kama tope la bwawa lililokauka, na juu yake zilikuwapo nyayo ndogo za watoto.

Takataka za jikoni huoza, na mafuta machafu ya gari huliwa polepole na vijidudu vya udongoni, lakini risasi haina wa kuila. Hukaa kwenye tabaka la juu la udongo, palepale mtoto anapochezea, mpaka iondolewe au ifunikwe. Mji wa Kabwe nchini Zambia ulifunga mgodi wake wa risasi na zinki mwaka 1994, na hadi leo watoto waliozaliwa miaka mingi baada ya mgodi kufungwa hukutwa na risasi katika damu yao kwa sababu ya vumbi la mitaani kwao.

Tufanye hesabu kidogo, mama, maana hesabu hii huwafungua watu macho. Udongo ukiwa na risasi sehemu 1,000 kwa kila sehemu milioni, kiasi kisicho cha ajabu mahali pa kupasulia betri, basi gramu moja ya udongo huo ina mikrogramu 1,000 za risasi, na mikrogramu moja ni sehemu moja ya milioni ya gramu. Mtoto hahitaji kula gramu nzima. Vumbi linaloshika vidoleni, kwenye tunda alilookota na kwenye kitambaa anachonyonya linaweza kufika moja ya kumi ya gramu kwa siku, nayo ina mikrogramu 100. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, inapopima chakula cha watoto, hutumia kipimo cha mikrogramu 2.2 kwa siku kuwa ndicho cha kuanza kuwatia watu wasiwasi. Tena tumbo la mtoto hupokea risasi kuliko la mtu mzima: mtu mzima huvuta takriban sehemu moja katika kumi ya risasi aliyoimeza, ilhali mtoto mdogo anaweza kuvuta karibu nusu, na zaidi akiwa na njaa au upungufu wa madini ya chuma na ya kalisi, yale yajengayo mifupa. Mwili huichukua risasi ukidhani ni kalisi, ukaipeleka kwenye ubongo unaokua na kuihifadhi katika mifupa kwa miongo.

Usingoje dalili. Hili ndilo ningelitaka kila mzazi wa Mikindani, Magongo na Jomvu alijue. Mtoto mwenye risasi ya kiasi huonekana mzima, anacheza, anakula, kisha akifika shuleni huonekana mzito wa kushika masomo, mwepesi wa hasira, hatulii, na watu humwita mtundu. Maumivu ya tumbo, choo kigumu na upungufu wa damu huja baadaye, na degedege huja kiwango kinapokuwa kikubwa sana. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Mwongozo wake wa mwaka 2021 unaelekeza kwamba mtu akikutwa na mikrogramu 5 au zaidi katika desilita moja ya damu, chanzo kitafutwe na kukomeshwa, na mtoto aliyefikia 45 au zaidi apewe dawa maalumu ya kuivuta risasi itoke kwa mkojo. Dawa hiyo hutolewa hospitalini chini ya uangalizi, haiurudishi ubongo ulioathirika, na haina faida kubwa mtoto akirudishwa kucheza palepale. Mama, usimnunulie dawa ya mitaani ya kusafisha damu. Baadhi ya dawa za namna hiyo zenyewe zimekutwa na risasi.

Kwa hiyo mpeleke mtoto hospitali, mwambie daktari waziwazi kuwa nyumba yenu imepakana na mahali pa kupasulia betri, na uombe kipimo cha risasi katika damu ya mshipa, kwa kuwa kipimo cha kawaida cha damu hakiioneshi. Dada yake au kaka yake naye apimwe, na wewe pia ukiwa na mimba au unanyonyesha, kwa sababu risasi iliyohifadhiwa katika mifupa ya mama hutoka wakati wa mimba na kumfikia mtoto tumboni.

Wakati ukisubiri, mtoto asicheze upande ule wa ua. Udongo ulio wazi ufunikwe kwa zege ukiweza, au kwa kokoto na mchanga safi ulioletwa kutoka mahali pengine, usawa wa shubiri moja hivi, juu ya turubai au magunia yatakayoutenga na udongo wa chini. Ndani ya nyumba usifagie kavukavu. Nyunyiza maji kwanza au piga deki kwa kitambaa kilicholowa, kisha kisuuze mbali na ua. Desturi yetu ya kuvua viatu mlangoni ni kinga kubwa katika jambo hili, na msiiache hata kama mgeni ni mkubwa wa namna gani. Mtoto anawe mikono kwa sabuni kabla ya kula na kabla ya kulala. Mpe dagaa, maharage, kunde na maziwa ukipata, pamoja na chungwa au embe, kwa sababu mwili ulioshiba kalisi na madini ya chuma hupokea risasi kidogo zaidi. Lakini haya yote ni ya kupunguza tu. Betri zikiendelea kupasuliwa nyuma ya nyumba, zege lako litafunikwa na vumbi jipya kila wiki, na kuhusu hilo soma jibu la barua ya mwisho.

Bwana Mwalimu, mimi ni mvuvi wa Likoni. Tangu utoto wangu tunayeyusha risasi ya betri kwenye sufuria kuukuu nyuma ya jiko, tukamimina katika kalibu za udongo kupata chubwi za nyavu na mishipi. Mzee wangu alifanya hivyo mpaka akazeeka. Nataka kujua kama kuna dhara, na pia chubwi zinazokatika baharini zinaharibu nini.

Ndugu yangu, chubwi iliyokwisha kupoa na kufungwa wavuni hatari yake ni ndogo ukilinganisha na namna inavyotengenezwa. Risasi huyeyuka kwenye joto la nyuzi 327 tu, ndiyo maana jiko la mkaa linatosha, na jambo hilo ndilo lililofanya kazi hii ionekane nyepesi. Ule utando wa kijivu na manjano unaoelea juu ya sufuria, mnaoukwangua kwa kijiko na kuutupa kando, ni risasi iliyoungana na hewa, nayo hupondeka ikawa vumbi laini mno. Moto ukizidi, mvuke hupanda pia. Vumbi hilo hukaa kwenye kuta za jiko, kwenye nguo zako, na kwenye mitungi ya maji iliyo karibu.

Kama Mzee alifika uzeeni, Mungu ampe afya au amrehemu, lakini risasi kwa mtu mzima haiui kwa kishindo. Hupandisha shinikizo la damu, huchosha figo, hudhoofisha uzazi wa mwanamume, na huyo aliyeyapata hayo hawezi kujua kama yametoka kwenye sufuria ya chubwi. Na waliokuwa wakiketi karibu na jiko wakitazama jinsi risasi inavyong'aa ikimiminwa ni watoto wake, pamoja na wewe.

Nakusihi usiyeyushe tena nyumbani. Mawe yaliyotobolewa, vipande vya chuma na chubwi za saruji vinafanya kazi katika nyavu nyingi, ijapokuwa najua kwa mshipi wa maji makuu chubwi ya risasi, iliyo ndogo lakini nzito, ina faida yake; basi kwa hizo nunua zilizokwisha kutengenezwa. Sufuria iliyoyeyushia risasi isirudi jikoni hata ikisuguliwa vipi, na mahali mlipokuwa mkifanyia kazi pafanyiwe kama nilivyomweleza mama wa Mikindani.

Kuhusu bahari, chubwi iliyozama huyeyuka polepole sana. Kinachoingia baharini kwa wingi ni udongo. Mvua za masika husomba vumbi la barabara, la gereji na la majaa hadi kwenye mikono ya bahari ya Tudor, Makupa na Port Reitz, na jaa la Kibarani lilikaa ukingoni mwa Makupa kwa miongo kadhaa kabla ya kufungwa. Tope lililo chini ya mikoko hushika metali hizi vizuri, na hiyo ni huduma ambayo mikoko hutufanyia bila malipo. Mikoko ikikatwa, tope huvurugika na kuachilia ilichokishika. Chaza na kome, ambao hula kwa kuchuja maji, hujikusanyia metali mwilini kuliko samaki wa kuogelea. Ningekuwa mimi, nisingewaokota chaza karibu na mifereji ya mji wala karibu na jaa, nikatafuta upande wa maji yanayopishana na bahari kuu.

Mwalimu, sisi ni kikundi cha vijana wanane wa Kisauni. Tumepewa kiwanja kilichokuwa jaa la taka, tumekisafisha na kupanda mchicha, sukuma wiki, mihogo na nyanya, na mavuno ni mazuri. Mteja mmoja alituuliza kama mboga zetu zina sumu. Tumjibu nini?

Wanangu, kwanza nawapongeza kwa kulima, na mteja wenu mshukuruni. Mboga kustawi hakuoneshi kuwa udongo ni salama, kwa sababu mmea unaweza kunawiri ukiwa na kadimi nyingi majanini. Katika jaa hutupwa betri ndogo, vifaa vya umeme, makopo ya rangi na matairi, na pale watu walipochoma nyaya ili kupata shaba, majivu yake hubeba risasi, zinki na kadimi.

Metali hazipandi mmeani kwa namna moja. Kadimi hupanda kwa urahisi hadi majanini, basi mchicha na sukuma wiki ndizo za kuogopewa zaidi kwayo; ndani ya mwili huenda kwenye figo na kukaa huko kwa miaka 10 hadi 30. Risasi haipandi sana, bali hung'ang'ania mizizi na kuganda juu ya majani pamoja na vumbi na matope ya mvua. Nyanya, bilingani, bamia na pilipili hupokea kidogo kuliko zote. Udongo wa pwani yetu uliotokana na matumbawe una chokaa nyingi, na chokaa huzishika kadimi na risasi zisipande sana kwenye mmea. Hilo ni jambo la kushukuru, lakini halimfai mtoto anayekula udongo wenyewe, kwa maana asidi ya tumbo huifungua ile risasi ambayo chokaa iliishika.

Pimeni. Chukueni udongo kutoka sehemu kumi au zaidi za shamba, kina cha sentimita 15 hivi, kwa kijiko cha plastiki au cha chuma kisicho na kutu, mchanganye kwenye ndoo safi, mkaushe kivulini, kisha mpeleke nusu kilo kwenye maabara. Ofisi ya Mkemia wa Serikali iko hapa Mombasa, waulizeni kwanza ada yao na namna wanavyotaka sampuli iletwe. Kona ya jaa iliyokuwa ya kuchomea nyaya ichukuliwe peke yake, isichanganywe. Mkipata majibu, mtaona tarakimu za miligramu kwa kilo. Udongo usioguswa na viwanda huwa na risasi chini ya 50 kwa kawaida. Marekani kwa miaka mingi ilitumia 400 kuwa ndicho kiwango cha kuanza kuchunguza udongo wa makazi, na Januari 2024 ikakishusha hadi 200. Mimi, kwa shamba la mboga za majani zinazoliwa kila siku, ningeanza kusita kabla ya kufika hapo.

Kabla majibu hayajatoka, acheni kuuza mihogo na mboga za majani za kiwanja hicho. Najua ni hasara. Lakini kiwanja mnaweza kukitumia kwa kupanda ndani ya magunia na majukwaa yaliyojazwa udongo mzuri na samadi, sentimita 30 kwenda juu, yakiwa yametengwa na ardhi kwa turubai. Nyanya na pilipili zilizopo mtini zinaweza kuliwa zikioshwa vizuri. Maji yenye siki kidogo huondoa vumbi kuliko maji matupu. Mtasikia kwamba alizeti na haradali huinyonya sumu ardhini. Kwa baadhi ya metali kuna ukweli, lakini kwa risasi kazi hiyo huchukua miaka mingi mno, na mimea iliyovunwa huwa taka yenye sumu inayotaka pa kupelekwa. Msiahirishe magunia kwa kungoja alizeti.

Mwalimu, mkaza mwanangu ana mimba ya miezi mitano na kila siku hununua udongo wa kula dukani. Mimi pia huwapaka wajukuu wanja tangu wakiwa wachanga. Daktari alinikemea kwa yote mawili, nami sioni kosa langu.

Shikamoo, mama. Daktari amesema kweli, ijapokuwa kukukemea hakukuwa na haja. Udongo wa kula huchimbwa popote, huwekwa dukani bila kupimwa, na unaweza kuwa na risasi na sumu iitwayo aseniki. Tena huzuia madini ya chuma yasipokewe tumboni, na upungufu huohuo wa damu ndio unaomfanya mama mjamzito autamani zaidi. Apimwe damu na apewe vidonge vya chuma kliniki. Wengi tamaa hiyo huwapungua.

Kuhusu wanja, ule wa asili wa unga mweusi unaong'aa mara nyingi hutengenezwa kwa jiwe la galena, ambalo zaidi ya robo tatu ya uzito wake ni risasi. Mtoto hufikicha macho, kisha hunyonya vidole. Najua mapenzi yaliyomo katika kumpaka mjukuu wanja, na sikuambii uyaache mapenzi. Mpake mafuta, mfukize udi chumba chake asipokuwamo, umvishe nguo nzuri, lakini wanja huo uweke mbali na watoto.

Ndugu Mwalimu, mimi ni mzee wa mtaa huko Changamwe. Tumelalamika juu ya mahali panapoyeyushwa vyuma karibu na nyumba zetu na tukaambiwa tulete ushahidi wa watu waliougua. Tufanyeje?

Mzee wangu, si lazima mtu augue kwanza. Ibara ya 42 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na Ibara ya 70 inamruhusu kwenda mahakamani haki hiyo inapokiukwa au kutishiwa, bila kulazimika kuthibitisha kuwa kuna aliyepata hasara au kuumia. Mwambieni hivyo yeyote atakayewarudisha.

Jirani zenu wa Owino Uhuru wameipita njia hii. Kiwanda cha kuyeyusha betri kilifanya kazi kando ya nyumba zao hadi mwaka 2014, watoto wakakutwa na risasi katika damu, na Phyllis Omido, aliyewahi kufanya kazi katika kiwanda hicho na ambaye mwanawe pia aliathirika, akawaongoza wakazi mpaka mahakamani. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Mombasa iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3 na kuagiza udongo usafishwe. Mahakama ya Rufani ikaitengua fidia hiyo mwaka 2023, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Miaka kumi kutoka kufungwa kwa tanuri hadi hukumu hiyo ni mingi mno kwa mtoto, ndiyo maana nawasihi mwanze leo.

Andikeni barua kwa NEMA, mamlaka ya taifa ya usimamizi wa mazingira, na nakala kwa idara ya mazingira na idara ya afya ya kaunti, na mpigiwe muhuri wa kupokewa kwenye nakala yenu. Wekeni daftari: tarehe, saa ambazo moshi hutoka, upepo unaelekea wapi, umbali wa hatua hadi nyumba ya karibu na hadi madrasa au shule ya chekechea. Pigeni picha za moshi na za majivu yanayotupwa. Ombeni kwa maandishi kuoneshwa leseni ya mahali hapo na ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira. Orodhesheni watoto wote wa chini ya miaka sita wanaoishi karibu, muombe idara ya afya iwapime damu kwa pamoja, ili majibu yao yaandikwe mahali pamoja. Pia wafanyakazi wa tanuri wasiachwe nje ya orodha, kwa kuwa wao ndio wanaovuta moshi huo saa nane kwa siku na kuupeleka nyumbani kwenye nguo zao. Mke anayezifua anazifua pamoja na nepi za mtoto. Mkishapata nakala yenye muhuri, tutumieni, tutaichapisha.